Meno Ishirini na Mawili

Ruphin aliponiuliza aweke meno mangapi kwenye gurudumu la nyuma, nilimwambia ukweli. Watu wa Kasongo hawaamini hadi leo. Wanadhani nilimdanganya, na wapo wanaonipongeza kwa hilo, hasa akina mama wa sokoni. Lakini sikusema uongo hata nusu neno. Nilimwambia ukweli kwa sababu nilijua hatauamini, na nilijua hivyo kwa sababu ya kile alichomfanyia baba yangu.

Naitwa Anastasie. Natengeneza baiskeli karibu na soko, kwenye kibanda cha baba yangu, mzee Théophile. Baiskeli kuukuu za Ulaya hutufikia na gia nyingi na nyaya nyingi, na zote hizo nazing'oa, maana matope ya barabara ya Kabambare huzimaliza kwa wiki moja. Mwenye baiskeli hubaki na gurudumu moja dogo la meno kule nyuma, sisi twaliita pinyo, na hilo hilo moja ndilo atakalokwenda nalo njia nzima, tambarare na milima. Kwa hiyo lazima achague vizuri. Baba alikusanya mapinyo miaka mingi, ya meno kumi na manne hadi ishirini na manne, akayatunga kwenye waya juu ya mlango. Mji mzima hakuna mwingine mwenye hazina hiyo, na ndiyo maana hata adui yetu ilimbidi aje kwetu.

Baba mwenyewe alikuwa mbebaji. Alipeleka mafuta ya mawese Kabambare, madumu manne kila safari, mpaka miaka miwili iliyopita. Njiani kuna vilima vingi, na mbele yake kuna mlima mmoja ambao wabebaji wanauita Bwana Shuka, kwa kuwa hajazaliwa bwana aliyeupanda akiwa ameketi kwenye baiskeli. Hapo kuna sheria ya zamani kuliko mimi. Ukimkuta mwenzako amekwama, unamwambia "narudi", unafikisha mzigo wako juu, unaulaza, kisha unashuka kumsukuma. Hata kama jana alikutukana. Hata kama amekuchukulia mke.

Siku ile mnyororo wa baba ulikatika katikati ya mlima. Akabaki ameshika breki kwa mikono yote miwili, na madumu manne yanamvuta kurudi bondeni. Ruphin akapita na madumu mawili tu. Alikuwa anawahi wanunuzi. Baba alingoja arudi, akangoja, mpaka vidole vikaisha nguvu. Baiskeli ikarudi nyuma na mzigo wote ukamwangukia gotini. Tangu hapo goti halikunjiki.

Ruphin alisema hakumwona. Alisema hivyo Kabambare, akasema hivyo Kasongo, na alipoona watu wananyamaza akaongeza kwamba mzee alikuwa amelala kando ya njia, tena fundi gani anakatikiwa na mnyororo alioufunga mwenyewe? Wateja wetu nusu wakahama. Nami nilitaka kitu kimoja tu duniani: Ruphin aseme mbele ya wabebaji wenzake, kwa kinywa chake, "Nilimwona." Baba hakutaka hata hilo.

"Labda hakunisikia, Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake. "Labda sauti haikutoka."

Nilikasirika naye pia. Huambiwa hasira hasara. Aliyesema hivyo hajamsaidia baba yake kuvaa suruali kila asubuhi kwa miaka miwili.

Basi mwanzo wa mvua, Mama Olga wa Kabambare, anayewauzia mafuta wachimba dhahabu wa Salamabila, alituma neno. Pikipiki zilikuwa zinazama kwenye matope. Alitaka wabebaji sita wa baiskeli, na atakayefika wa kwanza angekuwa mtu wake msimu mzima. Kesho yake Ruphin akasimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, na lile tabasamu lake.

"Bonjour, mudogo yangu."

Zamani nilikuwa namwita yaya, kama kaka. Siku hizi namwita jina lake tu.

"Ruphin."

"Niko na lazima ya pinyo. Njia ya Kabambare, bido ine za mafuta. Unanishauri meno ngapi?"

Baba alikuwa ndani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anasikia kila kitu. Nami sitajifanya malaika. Kwenye sanduku nilikuwa na pinyo moja lenye ufa, na kwa miaka miwili nilikuwa nimelipigia hesabu. Nililifikiria. Kisha nikamtazama Ruphin, nikaona hatazami uso wangu. Anatazama mikono yangu. Macho yake yalifuata kila chombo nilichokigusa, na hapo nikaelewa kwamba sihitaji ufa wowote.

"Makumi mbili na mbili," nikasema. "Mbele acha ile yako ya meno arobaini na ine."

Akacheka. "Makumi mbili na mbili? Ile ni ya bamama wa kwenda kanisa!"

Nikamweleza yote, polepole, kama baba alivyonifundisha. Kwa meno ishirini na mawili, mguu ukizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Ni polepole, lakini goti halilii. Kwa kumi na sita, gurudumu linakaribia mara tatu. Kwenye tambarare unaruka, ila kila kilima kinadai goti lake.

"Pinyo kubwa haitakupandisha Bwana Shuka," nikamwambia. "Hakuna ya kukupandisha pale, pale ni kusukuma. Itakufikisha pale ukiwa na miguu. Bwana Shuka inaulizaka miguu, haiulizake haraka."

Alijaribu yote mawili barabarani mbele ya soko, bila mzigo, mahali palipo sawa kama meza. La ishirini na mawili lilimfanya akanyage kwa kasi bila kwenda popote, na wauza mihogo wakamcheka. La kumi na sita lilimpeleka hadi msikitini na kumrudisha kabla sijafuta mikono.

"Unataka nikawie," akasema. "Nakujua, Anastasie. Nipe kumi na sita."

"Itakumaliza."

"Nipe kumi na sita!"

Nikamfungia. Sijawahi kufunga pinyo vizuri vile. Nilipaka grisi, nikanyoosha mnyororo, nikakaza kila nati, kwa sababu nilitaka atakapokwama asiwe na chuma cha kulaumu. Alipoondoka baba alisema kutoka ndani:

"Ulimwambia ya kweli."

"Ndiyo, Papa."

"Na ulijua atakataa."

Nilishusha lile la ishirini na mawili alilolikataa kutoka kwenye waya, nikalifunga kwa kitambaa, nikalitia mfukoni.

Kila msafara huwa na fundi, na fundi huenda wa mwisho, bila mzigo, ila pampu na vipande vya mnyororo. Safari hiyo fundi nilikuwa mimi. Siku ya kwanza njia iko sawa sawa, na Ruphin aliruka kweli. Jioni tulipofika kijijini pa kulala tulimkuta ameshakula na ameshanawa, anawasimulia watu jinsi binti wa Théophile alivyotaka kumfunga kamba miguuni. Wenzangu wakacheka. Heri, kijana aliyekubali ushauri wangu wa ishirini na mawili, alinitazama kama mtu aliyeuziwa jogoo badala ya kuku wa mayai. Nililala na hasira zangu, na nakiri hofu iliniingia. Je, kama ana miguu ya chuma?

Siku ya pili vilima vikaanza. Cha kwanza alikipanda amesimama kwenye pedali. Cha pili vilevile. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo mwekundu ulishika magurudumu. Kwenye cha sita nilimwona kwa mbali anasukuma mahali ambapo Heri alipanda ameketi, anapiga mluzi. Ningali nausikia mluzi ule, na ningali naufurahia. Lakini Ruphin alikataa kupitwa. Alifika Bwana Shuka wa kwanza, akauanza bila kupumzika.

Walimkuta katikati. Miguu ilikuwa imemwisha, amejilaza juu ya usukani, mikono yote miwili kwenye breki. Mzee Kasimu, mkuu wa wabebaji, mtu wa sala tano na maneno machache, alimpita akisukuma mzigo wake, akasema, "Narudi." Heri akasema, "Narudi." Wote watano wakasema hivyo, wakaendelea kupanda. Kisha nikafika mimi, na mimi sikuwa na mzigo wa kufikisha juu. Nililaza baiskeli yangu ukingoni, nikasimama mbele yake.

"Anastasie, shika nyuma. Mikono inaisha."

"Papa alisimama wapi?"

"Papa gani sasa? Shika baiskeli!"

"Papa yangu. Ile siku. Huu mulima ni murefu, Ruphin. Alikuwa wapi?"

Alinitazama. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Baiskeli ikateleza nyuma kiasi cha shubiri, akaizuia kwa kiuno. Huko juu nilisikia nyayo za watu wanashuka, lakini mwili wangu ulimziba asione huko, na masikio yake yalikuwa yamejaa moyo wake mwenyewe.

"Pale!" akapiga kelele. "Kwa ile mawe mbili, mukono wa kuume! Alikuwa ameshika freni na mikono yote mbili, kama mimi hivi. Tafazali, shika!"

"Na alisema nini?"

Ikateleza tena.

"Alisema nini, Ruphin?"

"Aliniita. Aliniita jina. Mara tatu."

Nyayo zilikuwa zimesimama. Mzee Kasimu alikuwa hatua nne juu yetu, na wengine nyuma yake. Ndipo nikashika baiskeli. Msije mkasema ni huruma. Nilitaka afike juu akiwa mzima, amsikie mzee Kasimu.

Tulimsukuma wote sita mpaka kileleni. Mzee Kasimu akafuta mikono kwenye majani.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako imeishia hapa. Tumekusukuma, kwa sababu ile ni sheria ya mulima na sisi si batu ya kuivunja. Leo ni ya mwisho. Toka leo ukikwama, utakwama peke yako. Na batu wakituuliza, hatutasema hatukukuona. Tutasema tulikuona."

Ruphin aliketi kwenye matope. Nikaenda mbele yake, nikatoa kile kitambaa mfukoni, nikakifungua. Pinyo liling'aa kwa grisi.

"Uliileta," akasema kwa sauti ndogo.

"Niliileta."

Nikalifunga tena, nikalirudisha mfukoni. Fundi mwema angelifunga pale pale, kazi ya robo saa. Mimi siku ile sikuwa fundi mwema, na nililala usingizi mzuri.

Heri ndiye aliyefika kwa Mama Olga wa kwanza. Ruphin alifika siku iliyofuata, na kazi ile hakuifanya tena, maana mtu asiye na wa kumsukuma hawezi njia ya Kabambare hata awe na pinyo la dhahabu.

Niliporudi Kasongo nilimsimulia baba yote, nimesimama, sijavua hata viatu. Nilitegemea acheke, au anikaripie. Aliuliza jambo moja.

"Alisema nilimuita?"

"Mara tatu, Papa."

Akaweka mkono juu ya goti lile.

"Mara tatu," akasema. "Basi sauti ilitoka."

Miaka miwili alikuwa akiamini kwamba woga ulimziba koo, kwamba alianguka kimya kama bubu na kosa lilikuwa lake, na ndiyo sababu hakumlaumu mtu. Mimi nilidhani ni wema. Nililia kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Siku ya soko, Ruphin alipita mbele ya kibanda akisukuma baiskeli. Hana njia nyingine ya kwenda kwake. Baba alikuwa mlangoni, chini ya waya wa mapinyo, mguu umenyooshwa mbele yake. Alijaza kifua.

"Ruphin!"

Wauza mihogo wakageuka.

"Ruphin! Ruphin!"

Ruphin aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo, kama mtu asiyesikia. Lakini safari hii soko zima lilikuwa linamtazama, na baba huwa hakosi siku ya soko.