Marahaba Kwenda Mwambani

Kaka yangu Bushiri ana ugonjwa mmoja tu, nao ni salamu. Ukikutana naye Mtaa wa Msimbazi una haraka zako, basi zimekwisha. Atakuuliza umeamkaje, watoto je, mumeo je, yule jirani aliyekuwa na homa je, na akikumbuka kwamba una kuku atamwulizia na kuku. Tena haulizi kwa mdomo tu, anasimama anasubiri jibu. Mimi Zamzam nauza nazi soko jipya la Kariakoo, na wateja wangu wengi wameondoka wakati kaka yuko mezani kwangu anaulizia watu wa kwao. Nilishamwambia usoni kwamba salamu zitakuja kumponza.

Sisi kwetu ni Mwambani, kisiwa kidogo huko kusini, mbele ya mdomo wa Rufiji. Bushiri alikuja mjini kupakua meli bandarini, mimi nikaja kwa mume. Mke wa kaka alifariki mapema, Mungu amrehemu, na binti yao Sitara akabaki kulelewa na mama yetu kule kisiwani. Sitara huyo ndiye habari yenyewe.

Alichumbiwa na mwalimu Chande, kijana wa Mikindani aliyekuwa anafundisha shule ya pale Mwambani. Kijana mpole, mahari ametoa, Bushiri ameshaomba ruhusa kazini aende akaozeshe. Mara masika yakashuka kama yametumwa. Barabara ya Rufiji ikamezwa na maji, na meli ya kwetu imefungwa bandarini inasubiri kipuri kutoka Ulaya. Miaka ile hata sabuni tulikuwa tunaisubiri, sembuse kipuri. Hapo hapo Chande akapata uhamisho wa kwenda Newala. Boti ya serikali ingemchukua Ijumaa baada ya sala, nayo ilikuwa inatoka Mtwara na kurudi huko huko. Wakiwahi kuoana, anaondoka na mkewe. Wasipowahi, anaondoka peke yake, na mama yake Chande alishasema mbele za watu kwamba Mikindani nako kuna wasichana.

Na dini ni dini. Baba akiwa hai, yeye ndiye wa kumwozesha binti yake, labda ampe mtu mwingine uwakala kwa kinywa chake. Khatibu Shomvi wa msikiti wa Mwambani alisema yuko tayari kupokea uwakala huo hata kwa simu, ilimradi ajue kwa yakini kwamba anayesema ni Bushiri mwenyewe.

Ndiyo, simu. Mwambani walikuwa na simu. Kila mkutano wa kijiji walikuwa wanaiomba, wakaambiwa subirini, wakasubiri mpaka wengine wakafa wakisubiri, na mwaka ule ikaja. Si simu ya waya, ilikuwa simu ya upepo. Mashine iliwekwa ofisi ya kijiji, inakula betri ya gari, na ina kipaza sauti, kwa hiyo siri yako inasikika mpaka kisimani. Unabonyeza unaongea, ukimaliza unasema nimemaliza, unaachia, ndipo mwenzako naye aongee. Kwa sababu ya betri ilifunguliwa asubuhi tu, kwa saa moja. Sauti nayo inakwanguliwa njiani, kila mtu anasikika kama yuko ndani ya debe.

Khatibu alikuwa na sababu ya kutaka yakini. Wiki za mwanzo mhuni mmoja wa hapa mjini alipiga akajifanya afisa, akawaambia mgeni mkubwa anakuja. Watu wazima wakafagia pwani nzima, wakachinja na mbuzi. Mgeni hakuja, na mbuzi ameshaliwa. Tangu siku hiyo Mwambani waliiogopa sauti ya mashine.

Basi Jumatano tukaenda ofisi ya simu. Aliyekuwa anaunganisha simu za mbali ni binti mmoja wa Kichaga, Mektilda, mrefu, mkavu, ana sauti ya mwalimu mkuu. Akatuambia kila mtu ana dakika tatu, na zikiisha anakata, awe nani. Akasema anawajua watu wa visiwani, dakika zote zinaishia kwenye hujambo na hamjambo, kisha wanamlilia yeye kwamba hawajasema walilojia. Akamwambia kaka aache salamu, aseme jambo lake, aondoke. Sikumpenda, lakini kwa hilo niliona ana akili. Mpaka kaka anaingia kwenye kile kibanda nilikuwa nimemshika shati namwambia, sema moja kwa moja, ole wako uulizie kuku.

Kaka akatii. Akabonyeza, akapaza sauti akasema yeye ni Bushiri bin Mkumba, anampa Khatibu Shomvi uwakala amwozeshe binti yake Sitara kwa mwalimu Chande, nimemaliza. Maneno safi kabisa. Hata dakika haikufika.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, imekwanguka, lakini mimi niliijua. Ilikuwa ya mama yetu.

"Huyo si mwanangu," alisema. "Mwanangu nilimfunza adabu."

Kaka akabonyeza, akaanza, mama, ni mimi. Khatibu akajibu kwamba hata mhuni wa mbuzi alisema yeye ni afisa. Bushiri anayemjua hawezi kumtajia harusi kabla hajamsabahi, tena mama yake mzazi amekaa hapo hapo. Akaomba radhi, akasema hawezi kumtoa binti wa watu kwa sauti ya debe. Mara tukasikia kukwaruza, na betri ya kule ikawa imekwisha kwa siku hiyo.

Kaka alitoka kibandani taratibu. Mwanamume anayebeba magunia tangu ujana wake, nikamwona anatafuta pa kushika.

"Zamzam," aliniambia, "mama amenikana."

Nililia, siwezi kuficha. Halafu hasira zikanipanda, na mimi hasira zangu hazipandi bure, zinatafuta mtu. Nikaapa simwachi yule binti mpaka nimwambie ya moyoni. Tukakaa kwenye ngazi mpaka alipotoka kazini mchana. Nikainuka, nimeshafunga kanga kiunoni, maneno yako kwenye ulimi. Kabla sijafungua mdomo, kaka yangu huyo huyo aliyekanwa na mama yake akanitangulia. Akamwuliza Mektilda, habari za kazi mwanangu, pole na kutwa, na kwenu ni wapi, na mama hajambo?

Yule binti akasimama. Akasema shikamoo mzee, kwetu ni Rombo. Mama sijui kama hajambo.

Nikamwuliza vipi mtu asijue, naye yuko kwenye simu tangu asubuhi. Akacheka kicheko cha uchungu. Akasema anaunganisha Mafia na Mwanza, mgodi na bandari, lakini kijijini kwao simu hakuna, na mtu wa mwisho kumwulizia mama yake hamkumbuki. Kisha akakaa pale pale kwenye ngazi na sisi. Kaka akamwulizia na migomba. Hasira yangu ikakosa pa kutua, nikafungua kanga.

Tulipomweleza yaliyotokea, alijishika kichwa. Akasema hata kwao ukimwendea mkubwa na shida kabla ya salamu unaonekana mwizi, hajui kwa nini hakuliwaza hilo. Lakini dakika tatu ni tatu, hawezi kuziongeza, kuna foleni. Akafikiri kidogo. Akasema hawezi kumpa mtu dakika zake, ila mwenye zamu akimwachia mwenzake kwa hiari, hiyo si kazi yake kuizuia. Kesho walioandikisha kupiga Mwambani ni watu wetu wote, wa Kariakoo hiyo hiyo. Akanitajia majina.

Nikazunguka Kariakoo mchana ule mpaka kandambili zikakatika. Nilianza na Bi Sabaha wa vitumbua, aliyetaka kumwulizia dada yake mgonjwa. Akasikiliza, akageuza kitumbua, akasema zamu yake nichukue, lakini Bushiri amsalimie dada yake kwa jina. Nikaenda kwa muuza pweza, naye hivyo hivyo, asalimiwe mjomba wake na aulizwe paa la nyumba limefika wapi. Nikaenda kwa fundi wa cherehani, kwa bwana wa nazi mwenzangu. Kila mmoja anatoa zamu yake, na kila mmoja ananipakia salamu. Nilirudi nyumbani nimebeba salamu za nusu ya kisiwa, nikamkabidhi kaka, na Mungu anisamehe, nilimwona anafurahi.

Alhamisi foleni yote ilikuja, wenye zamu na wasio na zamu, wakajaza ukumbi. Mektilda akaunganisha. Kaka akabonyeza, na safari hii hakupaza sauti.

"Shikamoo mama."

Akaachia. Mama hakujibu. Kaka akabonyeza tena. Akamwuliza mguu wake wa kushoto unaomsumbua wakati wa mvua. Akamwuliza kama paka bado analala kwenye ungo. Akamsabahi Khatibu, akamwuliza jicho lake, na yule mwanawe wa Kilwa kama amerudiana na mkewe, maana walipoachana mara ya mwisho ilikuwa kosa la mwanamume. Hapo tukasikia kicheko cha watu wengi kimebanwa ndani ya debe. Akaja kwa dada wa Bi Sabaha, akaja kwa paa la mjomba, hakumruka mtu. Akamwulizia hata fundi wa simu wa kule, Leodegar, mtu wa Masasi, kama amezoea samaki. Kila akiachia, jibu linakuja, tumeamka salama, paa limeezekwa, mgonjwa anakunywa uji. Bi Sabaha akaketi sakafuni akalia kwa furaha. Na ndipo ikaja ile sauti.

"Marahaba, Bushiri. Huyu ndiye. Nyamazeni, huyu ndiye mwanangu."

Mimi nikamgonga kaka mgongoni, sasa sema. Unadhani alisema? Alikuwa amefika kwa kuku! Na ile sauti ya kule imeanza kufifia, maana betri ndiyo inakata roho hivyo, kidogo kidogo. Binti wa watu anapotea kwa sababu ya kuku.

Mektilda akajiingiza mwenyewe kwenye mstari, jambo ambalo nadhani haruhusiwi.

"Khatibu, shikamoo. Mimi Mektilda, ninayewaunganisha. Betri yenu inakwisha, na baba wa binti ana neno."

"Marahaba, Mektilda," Khatibu akajibu. "Wazazi wako wazima? Na aseme."

Kaka akasema. Jina lake, la binti yake, la Chande, uwakala. Khatibu akasema amesikia, amepokea, mashahidi ni kijiji kizima. Vigelegele vilianza kule vikaingia kwenye mashine, vikatoka kwetu kama kuku wanafukuzwa, na wanawake wa ukumbini wakavidaka. Katikati ya makelele hayo ikapenya sauti nyembamba. Leodegar alikuwa amempisha bibi harusi.

"Shikamoo baba."

Kaka akabonyeza. Akabonyeza tena. Hakuna kukwaruza, hakuna kitu. Betri imekufa. Akaitikia hivyo hivyo, marahaba mwanangu, marahaba, kwenye chuma kimya. Alikuwa hajaisikia sauti ya Sitara tangu meli isimame, na sasa mtoto anaolewa akidhani baba yake hakumwitikia. Tukamwambia uwakala umepokelewa, ndoa itafungwa, mshukuru Mungu. Akasema anamshukuru. Lakini hakuiachia ile simu. Mektilda akaja kibandani, akaitoa mkononi mwake taratibu.

"Baba," alimwambia, "hiyo ya kwako naibeba mimi. Kesho ndiyo ya kwanza."

Ijumaa kaka alikuwa bandarini, zamu yake ya magunia, hakuweza kuja. Nikaacha nazi nikaja mimi. Mektilda akanipisha nisimame nyuma yake, akavaa vile vyombo vyake vya masikioni. Foleni ilikuwa ndefu na wote wana mambo makubwa, wengine wa serikali. Saa ilipofika akamwita Leodegar, hakumwuliza mstari ukoje wala nani yuko tayari. Alisema, Mwambani, habari za asubuhi, mama wote hawajambo, kabla sijaunganisha mtu nina mzigo hapa. Kuna marahaba ya Sitara, kutoka kwa baba yake. Ifikishe kabla ya boti.

Leodegar akasema subiri kidogo. Tukasikia mlango, tukasikia mtu anakimbia. Betri inaliwa, foleni inaguna nyuma yetu, na Mektilda mkavu yule, bibi wa dakika tatu, amekaa tu amekunja mikono. Kisha pumzi za mtu aliyekimbia, na Leodegar akasema imefika, ameipokea kwa mikono miwili, na anauliza kama baba amekula.

Nikatoka mbio kwenda bandarini kumwuliza kaka kama amekula.