Viti Elfu Moja na Tisa

"Kimebaki tena," alisema mtunza ukumbi.

Alikuwa amepanga safu za viti saba saba. Kabla ya hapo alijaribu sita sita, nane nane, hata tisa tisa, na kila mara kiti kimoja kilisimama pembeni kama mtu aliyenuniwa.

"Kitupe nje, baba watoto, tukapumzike," alisema mkewe, aliyekuja kumsaidia na sasa alikuwa ameshika kiuno.

"Kina mwenyewe." Akamwonyesha namba iliyobandikwa mgongoni mwa kiti. Wageni elfu moja na tisa, viti elfu moja na tisa. Bosi wake, kijana mwenye tai, alikuwa ameagiza asubuhi: safu zote zilingane na kisibaki kiti, maana mwaka jana waliokalishwa safu fupi walinuna mpaka leo. Saa kumi ikifika kazi bado, mzee akabidhi funguo alizozishika miaka ishirini na sita.

Mzee akatoa daftari. Akagawa kwa kumi na moja, vikabaki vinane. Kumi na tatu, vinane tena. Kumi na saba, sita. Kumi na tisa. Viwili, akalamba midomo. Ishirini na tatu. Vikabaki ishirini, akakaza midomo. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Hapo akaweka kalamu chini.

"Umechoka?"

"Nimemaliza. Kuanzia hapa safu zikirefuka zinakuwa chache, na namba hizo chache nimeshazijaribu zote. Namba hii haigawanyiki. Ina kiburi kama mama yako."

"Muache mama yangu. Haigawanyiki hata kwa moja?"

Mzee akafunga daftari.

"Kwa moja inagawanyika," alisema, akavua koti.

Saa kumi kasorobo bosi alifika. Kiti cha kwanza kilikuwa chini ya jukwaa, cha pili ubavuni mwake, na mstari ukaendelea, umenyooka kama uzi, ukatoka mlangoni, ukavuka ua, ukapita getini na kuifuata barabara mbele ya kinyozi.

"Mzee, hii nini?"

"Safu, bosi. Zimelingana zote."

"Ziko ngapi?"

"Moja."

"Mimi nilisema safu. Nyingi."

"Nyingi nazo zipo. Simama huku ubavuni. Safu elfu moja na tisa, kiti kimoja kimoja."

Bosi akanyoosha mkono apewe funguo. Mzee akamwekea daftari kiganjani.

"Nionyeshe nilipokosea, nitakupa."

Bosi alianza kusoma akitembea, kiti baada ya kiti, vidole vikihesabu. Akapita kwa kinyozi. Akapita kwa fundi cherehani. Mbele ya duka la vioo mstari ulikoma. Akaketi kwenye kiti cha mwisho, akalegeza tai, akaazima kalamu kwa mwenye duka.

Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kufika. Walisimama getini wakitazama kadi zao, kisha wakatazama barabara.