Kengele Hana Hisa

Siku ya mkutano mkuu wa wanahisa, Kengele aliamka na ugomvi. Alikuwa na swali moja la kumuuliza mwenyekiti wa Kampuni, na alilirudia mbele ya kioo, mbele ya sufuria, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima chumvi, mpaka jirani wa watu akaondoka bila chumvi. Swali lenyewe lilikuwa fupi: ule mkataba wa nchi tatu uko wapi?

Kengele ni jina alilobandikwa na wanafunzi. Alifundisha shule ya msingi miaka na miaka, na kengele ya shule ilipoibwa, mwalimu mkuu hakuhangaika kununua nyingine. Alimwambia yeye asimame mlangoni aite, na watoto waliokuwa mwisho kabisa wa uwanja wakarudi darasani mbio. Kazi alistaafu. Sauti haikustaafu.

Kampuni ilikuwa kampuni ya simu iliyosambaa kwenye nchi kadhaa za kanda, ina jina lake refu tu, lakini yeye na wenzake waliiita Kampuni, utadhani duniani hakuna nyingine. Wenzake walikuwa wawili. Wa kwanza Fundi Saa, mzee wa kibanda cha kutengeneza saa. Wa pili Mama Mashuka, aliyetandaza mashuka na mito kando ya barabara, mkabala na kibanda hicho. Kila alasiri walikutana hapo, Kengele akatoa simu, akasoma habari za Kampuni kwa sauti ya darasani. Fundi Saa aliweka chini kioo chake cha kukuzia. Mama Mashuka aliacha mteja ameshika ncha moja ya shuka, akavuka barabara kuja kusikiliza.

"Kampuni yakaribia kusaini mkataba mnono wa kujenga mtandao katika nchi tatu!"

"Tunaingia nchi tatu!" Mama Mashuka akapiga kigelegele, yeye ambaye pasipoti hajawahi hata kuiona kwa macho.

Walinunua hisa kwa sababu ya Kengele, tusidanganyane. Mwanawe wa mwisho, waliyemwita Kitinda toka akiwa mchanga, alifanya kazi ofisi ya habari ya Kampuni. Zile taarifa alizokuwa akizisoma mama, mwana ndiye aliyeziandika. Kengele hakumshika mtu mkono anunue. Alisema tu, "Mwanangu yumo ndani," na ukisema kitu kwa sauti ile, kinageuka amri. Mama Mashuka akatia pesa za kukodi duka lenye mlango, aache kufukuzana na mvua. Fundi Saa akatia akiba ya kupasuliwa mtoto wa jicho.

"Nikipata faida nitapasuliwa yote mawili kwa mpigo," alisema, "nione kama kweli ninyi ni wazuri kama mnavyojisifu."

Halafu bei ikaanza kushuka. Kengele akampigia Kitinda. "Usiwe na wasiwasi wowote, mama," Kitinda akasema, na Kengele akalipeleka jibu kibandani likiwa bado la moto. "Tulieni. Hakuna kuuza." Wakatulia. Bei ikazidi kuteremka, mpaka ikawa aibu kuitaja mbele za watu. Wakati huo Fundi Saa alikuwa ameshaacha kupokea saa za mkononi, maana skrubu hazioni tena. Alibaki na saa za ukutani, na hizo nazo alikuwa akizipapasa.

Sasa, siku hiyo ya mkutano, mlangoni pa ukumbi kulikuwa na meza, na mezani binti mwenye kompyuta. Watu walijipanga, wakataja majina, wakapewa kadi ya kuvaa shingoni. Kengele alikuwa mbele, nyuma yake Mama Mashuka, na Fundi Saa ameshikilia kiwiko cha Mama Mashuka ili asijikwae. Kengele akataja jina lake lote, la baba na la babu.

Binti akaandika. Akatazama. Akatazama tena.

"Mama, jina lako halimo humu."

"Tafuta vizuri, mwanangu. Usiwe na haraka."

"Nimetafuta, mama. Ulikuwemo zamani. Hisa zako zimeuzwa zote, kwa sasa huna hata moja."

"Zimeuzwa na nani?"

Binti alionekana kumhurumia. "Hapa inaonyesha umeuza mwenyewe, kwa simu. Tena uliuza vizuri, kabla bei haijaanza kushuka."

Loo! Ungemkata Kengele wakati ule usingepata tone la damu. Aligeuka nyuma. Mama Mashuka alikuwa amesikia kila neno, na macho yamemtoka pima.

"Uliuza," akasema.

"Sijauza! Haki ya Mungu sijauza!"

"Uliuza, ukaja kutuambia tutulie. Ukanitazama usoni, mimi, ukaniambia nitulie! Na mashuka yangu uliyochukua kwa mkopo siku ya harusi ya binti yako nikakusamehe, kumbe nilikuwa namfuga nyoka!"

"Mama Mashuka, nisikilize..."

"Nimekusikiliza sana. Ndiyo maana niko hapa."

Afadhali matusi hayo. Fundi Saa alimkata maini zaidi, kwa sababu hakupandisha sauti kabisa. "Lakini Kengele," alisema, akitazama pembeni kidogo ya mahali alipokuwa amesimama, "si ungeninong'oneza tu? Mimi ningekaa kimya."

Wakapokea kadi zao, wakampita, wakaingia.

Kitinda alimkuta mama yake amesimama ukutani, mkoba ameukumbatia. Mwana alikuwa amevaa suti, na kitambulisho cha Kampuni kinaning'inia kifuani.

"Shikamoo, mama."

Kengele hakuitikia. Alimshika mkono wa koti, akamvuta mpaka chini ya ngazi, mahali palipopangwa viti vibovu.

"Namba ya siri ya simu yangu anaijua nani?"

Kitinda ndiye aliyemfungulia mama ile akaunti, yeye ndiye aliyemchagulia namba na kumtazamia salio, kama wanavyofanya watoto wote kwa wazazi wao.

"Nilikuokoa, mama."

"Uliniokoa na nini?"

"Mkataba ulikufa. Nchi mbili zilijitoa. Tuliambiwa tufunge midomo mpaka mkutano huu upite. Ungetaka nikae nitazame mafao yako yakiyeyuka? Hela ipo, sijagusa hata senti, nimekuwekea."

"Ile taarifa niliyowasomea kibandani, ya kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri, aliandika nani?"

"Niliandika mimi. Niliambiwa niandike."

"Kabla ya kuuza zangu, au baada?"

Kitinda akatazama viatu vyake. "Baada."

Jamani, kuna hasira zinazopanda taratibu, na kuna ile iliyompata Kengele. Ilimjia yote kwa pamoja, mpaka masikio yakaziba.

"Fundi Saa ndiye aliyekuwekea betri bure kwenye saa yako ya mtihani! Mama Mashuka ndiye aliyekufunika shuka ulipolazwa! Hao unawaita mjomba na shangazi! Unaniuzia mimi, halafu unaniacha niende kuwaambia watulie?"

"Ningekwambia, ungewaambia na wao."

"Ningewaambia, ndiyo!"

"Na mimi ningefungwa, mama!"

"Basi ungeziacha zangu zife pamoja na zao! Nani alikutuma uniokoe peke yangu? Leo nitamwambia nani sikujua, na nani ataniamini? Hata mimi nisingejiamini!"

"Mama, punguza sauti."

"Thubutu! Sauti hii ndiyo iliyokusomesha!" Akamwonyesha kidole. "Na hiyo hela usiniite kuichukua kama yangu. Ina macho ya mtu ndani yake."

Kitinda alichomoa mfukoni kadi ya wageni, akamvalisha mama shingoni. "Ingia kama mgeni wangu," akasema. "Tumalize hili, halafu tukaongee nyumbani. Nakuomba, mama."

Aliingia. Si kwamba alikubali, hapana, alikuwa hajui aende wapi kwingine. Akakalishwa mstari wa mbele, kwenye viti vya mito, kati ya watu wanaonukia. Alipogeuka alimwona Mama Mashuka kule nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki. Mama Mashuka alimtazama, akatazama kile kiti cha mto, akacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe.

Mwenyekiti akazungumza. Alizungumza juu ya changamoto, fursa na uvumilivu, maneno ya kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukafika wakati wa maswali. Kule nyuma Mama Mashuka akamsimamisha Fundi Saa, akamtia kipaza sauti mkononi. Mzee akakishika kwa mikono miwili.

"Ule mkataba wa nchi tatu," akauliza, "uko wapi?"

Lilikuwa swali la Kengele, neno kwa neno. Alikuwa amelirudia kibandani wiki nzima, na mzee alikuwa amelikariri.

Mwenyekiti akatabasamu. "Mzee wangu, mazungumzo yanaendelea vizuri. Nawaomba wanahisa mtulie."

Tulieni. Hilohilo. Fundi Saa akashukuru, maana ni mtu mwenye adabu, akaanza kukitafuta kiti chake kwa mkono.

Pembeni ya jukwaa alikuwa amesimama Kitinda. Alikuwa akimtazama mama yake, na alitikisa kichwa kidogo sana, vile alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu na baba yake anauliza nani kavunja. Siku zile Kengele alikuwa akinyamaza. Mara zote alinyamaza. Alijua kabisa kwamba akifungua mdomo leo, kazi ya mwanawe imekwisha, na huenda isiwe kazi peke yake. Alijua pia kwamba akinyamaza atatoka ukumbini na mtoto wake mzima, hela yake nzima, na Fundi Saa atakwenda kaburini akiamini kwamba Kengele alimuuza.

Akasimama.

"Mwongo!"

Hakuwa na kipaza sauti, na hakukihitaji. Vioo vya madirisha vilitetema. Waliokuwa wameshaanza kusinzia walishtuka kama watoto wa darasa la kwanza.

"Mkataba umekufa! Ulikufa kabla bei haijaanza kushuka, na ninyi mlijua! Mmemwambia yule mzee atulie, mnajua anatulia na nini? Anatulia na giza!"

Mlinzi akaja mbio. "Mama, wewe ni mwanahisa?"

"Sina hata moja! Na huo ndio ushahidi wenyewe! Zangu ziliuzwa na mtu anayejua, bila kuniuliza, ili mimi nipone na wenzangu wazame!"

Ukumbi ukaanza kuvuma. Mwenyekiti akainua mkono, na tabasamu lake halijaondoka. "Mama yetu amechoka, nadhani. Ni mtu gani huyo anayejua? Tutajie basi."

Alisema hivyo kwa sababu alidhani hatatajiwa mtu. Kengele alivuta pumzi. Alitamani mtu amzibe mdomo, amtoe nje, chochote. Mlinzi naye, mjinga yule, alikuwa amesimama tu akisubiri jina kama watu wengine.

"Mwanangu," akasema. "Yule pale."

Vichwa vyote vikageuka. Mwenyekiti naye akageuka, polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitabasamu. "Kijana, mama huyu anasema kweli?"

Kitinda angeweza kukana. Angesema mama ni mtu mzima, anachanganyikiwa, tumwombee, na ukumbi mzima ungeamini. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuwafanya watu waamini, na alikuwa hodari. Alimtazama mama yake. Akashika kitambulisho kile kifuani, akakiachia.

"Ni kweli," akasema. "Na taarifa niliandika mimi, baada ya ninyi kuniambia niandike."

Hapo palichafuka. Watu walipanda juu ya viti, wengine wakaelekea jukwaani wakitukana, na mwenyekiti akawa anaita walinzi kwa kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi. Kengele akavua ile kadi ya wageni, akaiacha kwenye kiti cha mto, akapenya katikati ya watu mpaka nyuma.

Palikuwa na kiti kitupu kando ya Fundi Saa. Juu yake Mama Mashuka alikuwa ameweka mkoba wake. Hakuuondoa. Kengele akasimama mbele yake. Fundi Saa akanyoosha mkono, akaupapasa ule mkoba, akaushusha sakafuni.

"Keti," Mama Mashuka akasema bila kumtazama. "Lakini usinisemeshe."

Akaketi. Kule mbele walinzi wawili walikuwa wamemzunguka Kitinda. Mmoja alimvua kitambulisho, mwingine alimshika mkono. Kitinda alikuwa akigeuza shingo, akitafuta kwenye viti vya mbele pale alipomwacha mama yake, na hakumwona. Kengele akafungua mdomo amwite. Sauti ile ya kurudisha watoto toka mwisho wa uwanja haikutoka.

Fundi Saa akamwinamia. "Kengele," akauliza, "nasikia vurugu tu. Kuna nini huko mbele?"

Kila alasiri yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea habari. Akapangusa uso kwa kiganja.

"Wanamtoa," akasema. "Wanamtoa mwanangu nje."