Benchi la Watu wa Llanhelyg

Kila Jumapili Maman Régine alipiga deki mara mbili. Mara ya kwanza, kabla ya ibada, alitoa vumbi na oili, maana kanisa lao Wazaire, nyuma ya uwanja wa Flagey huko Ubelgiji, lilikuwa garaji, na sakafu yake ilikuwa bado haijaokoka. Mara ya pili, baada ya ibada, alifuta maji ya Wawelshi.

Wawelshi walikuja na mabenchi. Kanisa liliyanunua mwaka 1994 kwa muuza vitu vikuukuu wa mtaa wa Marolles, na kila benchi lilikuwa na kibati cha shaba chenye jina la familia. Huko kwao Wales, katika kijiji cha Llanhelyg, kila ukoo ulikuwa na benchi lake kanisani, na hakuna aliyethubutu kukalia la jirani. Kisha jiji moja la Uingereza likataka maji ya bomba. Likajengwa bwawa, kijiji kikazama pamoja na makaburi yake. Mabenchi yaliokolewa kwa sababu yaliuzika. Jumapili ya kwanza wafu waliingia garajini wakichuruzika maji, makoti meusi hadi magotini, wakatafuta vibati vyao, wakakaa.

Tatizo halikuwa kufa kwao. Tatizo ni kwamba walikaa mbele, na mbele, kama ajuavyo Mzaire yeyote, ni kwa wachungaji wageni. Maman Régine ndiye aliyepanga watu kanisani, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Alimwendea bibi mmoja aliyeitwa Gwenllian.

"Bon, maman, minakuomba usogee kiloko. Pasta wa Liège anakuya."

"Hili ni benchi la baba yangu," Gwenllian akajibu kwa Kiwelshi. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Alors, baba yako iko wapi?"

Mzee aliyekaa kando ya Gwenllian akavua kofia kwa heshima, na maji yakamwagika. Pasta wa Liège akapewa kiti cha plastiki. Kiti kilimuumiza mgongo, mahubiri yakawa mafupi, na tangu siku hiyo waumini waliwapenda sana Wawelshi.

Aliyewapenda zaidi ni Papa Bienaimé, mwimbaji pekee wa sauti ya besi. Kijiji chake, juu ya Bukavu, kilichomwa moto, naye aliomba hifadhi Ubelgiji na bado alikuwa akisubiri jibu. Kaka yake Gwenllian, aliyekuwa besi ya ukoo, alifia baharini na hakurudi hata akiwa maiti. Basi Gwenllian akapigapiga nafasi ile tupu ubavuni mwake, akamketisha Bienaimé. Bienaimé alilia siku hiyo. Toka afike Ulaya, hakuna mtu aliyewahi kumwambia akae.

Halafu majirani wakalalamika kuhusu maji yanayotiririka barabarani, na ofisi ya mtaa ikamtuma karani mmoja, Mathieu. Aliwakagua Wawelshi mmoja mmoja, akaridhika. Walikuwa raia wa Ulaya, hawali, hawaugui, hawataki kazi ya mtu.

"Lakini wamekufa," mchungaji wa kanisa akasema.

"Sheria haisemi lazima wawe hai," Mathieu akajibu, akawaahidi vitambulisho vya ukaazi. Kisha akamgeukia Bienaimé. Ombi lake lilikuwa limekataliwa. Kijiji chake kilionekana kwenye ramani, kwa hiyo angeweza kurudi.

"Na kile chao?" Bienaimé akauliza. "Kiko chini ya maji. Wao banarudishwa?"

"Wao ni wa Ulaya, monsieur."

Jumapili iliyofuata Mathieu alileta vitambulisho, na pamoja naye wakaja polisi wawili kumchukua Bienaimé. Walikuwa watu wenye adabu. Walivua kofia, wakasema watasubiri wimbo wa mwisho uishe.

Sasa, Wawelshi wana desturi yao: wimbo ukikolea, ubeti wa mwisho hurudiwa, na hurudiwa tena. Wazaire hawakuhitaji kufundishwa hilo. Gwenllian aliwatazama polisi, akaurudia ubeti. Garaji zima likaitikia. Saa sita ikapita. Watoto wakalala chini ya mabenchi, polisi wakaenda kununua chipsi, wakarudi, wakala, na ubeti ulikuwa bado ule ule. Maman Régine aliimba akiwa amesimama mlangoni na dekio lake. Alikuwa na hasira kiasi cha kuweza kumpiga nalo mtu wa serikali.

Wafu hawaishiwi pumzi. Wangeimba hadi Krismasi. Lakini Bienaimé alikuwa na koo la mtu aliye hai, na jioni lilimkauka. Akakohoa, akamrudishia Gwenllian kitabu cha nyimbo, akampa mkono.

"Aksanti kwa kiti, maman," akasema, akatoka na polisi. Mathieu aligawa vitambulisho vyote, akawatakia Wawelshi makazi mema.

Wiki moja baadaye Pasta wa Liège alirudi. Akaona nafasi kwenye benchi la mbele, akaharakisha. Gwenllian akaifunika kwa kiganja.

"Ina mwenyewe," akasema.

Maman Régine akaleta kile kiti cha plastiki bila kuambiwa. Ibada ilipokwisha alipiga deki kama kawaida, akafuta na mabenchi, moja baada ya jingine. Pale alipokaa Bienaimé hakufuta. Palikuwa pakavu.