Mikono Mirefu

Somo la heshima walifundishwa wasichana peke yao. Wavulana walipewa mpira, wakaenda uwanjani. Mwalimu wa nidhamu alisema msichana mwenye adabu hamjibu mwanamume mwenye hasira, kisha akafunga dirisha, maana kelele za mpira zilikuwa zinamkatiza.

Kipindi kilipoisha, binti wa fundi cherehani alikwenda chooni. Nahodha wa timu alimfuata, jezi imelowa jasho.

"Jana nimekupigia mara ngapi?"

"Nilishakwambia, mimi na wewe basi."

"Basi?" Akacheka. "Nani kakuruhusu?"

Alimkamata mkono, akaukunja mgongoni hadi kitu kikalia ndani ya kiwiko. Kofi la kwanza lilimziba sikio. La pili lilimwangusha mchangani. Akamwinamia, akamkaba shingo, kidole gumba kikizama taratibu, bila haraka.

"Nahodha! Penalti!" wenzake waliita.

Akamwachia, akaenda kupiga. Binti alisikia shangwe ya goli akiwa bado anatema mchanga.

Nyumbani, mama alimtazama mara moja tu, na mguu wake ukasimama juu ya pedali ya cherehani.

"Mama, twende polisi. Leo hii, alama bado zipo."

Baba alikuwa anakula. Hakuinua kichwa. "Ulimjibu nini?"

"Baba, amenikaba!"

"Nauliza, ulimjibu nini? Mtu hapigwi bure. Muulize mama yako."

Mama alivuta mikono ya gauni lake mpaka viganjani.

"Vua shati, mwanangu."

Alifumua mikono mifupi ya shati la shule, akaunga mirefu. Hakuchukua futi kupima. Alijua inapotakiwa kuishia. Kola nayo akaipandisha mpaka chini ya kidevu.

"Mama, twende."

"Nyoosha mkono. Kama huo unauma, lete huu mwingine."

Mdogo wake wa kike, wa darasa la kwanza, akaja mbio na kitambaa cha sare yake mpya. "Na mimi, mama! Yangu mikono mifupi, kama ya wenzangu!"

Mama akamshonea mifupi. Lakini kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani, upana wa kiganja kizima, akakishikiza kwa nyuzi za kufumuka upesi.

Mtoto akaivaa, akazunguka. "Mbona mikono mizito?"

"Akiba hiyo," mama akasema, akikata uzi kwa meno. "Utakua."