Picha Isiyokatika

Kazi yake ilikuwa kurusha picha za moja kwa moja, mikutano na harusi za watu, na siku ile aliyekuwa akimrusha ni mama yake mzazi, yu mahututi. Simu aliiegemeza kwenye meza ya dawa, pembeni mwa kitanda. Upande wa pili alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, aliyekwama ughaibuni na kutaka jambo moja tu: kumuaga mama angali hai.

"Dada, Mama anakuja vipandevipande," alilalamika. "Na watu wanakuita Fundi?"

"Subiri, usinitie presha."

Mtandao wa wodini ulikuwa hafifu. Mama akitulia, picha inakuwa nyepesi, inapita; nesi akigeuza shuka tu, mzigo unazidi, inaganda. Tiba yake Fundi aliijua hata usingizini: picha na sauti vijikusanye kwanza ndani ya simu yake, kisha viachiliwe kwa mwendo mmoja, kama tangi la juu ya paa linavyotuliza maji ya bomba yanayokuja kwa kwikwi. Ubaya wake ni kuchelewa, lakini harusini nani anajali? Kwa mazoea tu akaweka akiba ya karibu nusu dakika. Sauti ya mdogo wake iliendelea kuja papo hapo.

Baada ya kitambo akasikia, "Haya, sasa namwona vizuri."

Mama akafumbua macho, akatazama dari, akayafumba. Kifua kikapanda, kikashuka, hakikupanda tena. Nesi akamshika mkono, akatikisa kichwa. Fundi alisubiri uchungu umfike, haukufika. Alihisi ganzi tu, mpaka kwenye meno, na akajishangaa.

"Mama, ni mimi, kitinda wako," simu ikasema. "Nisamehe sikuja. Kama unanisikia, fumbua macho."

Hapo ndipo Fundi alipotambua alichokifanya: mdogo wake alikuwa bado akimwona mama wa nusu dakika iliyopita. Kumwambia ukweli alitaka, ila chochote ambacho angesema kingepanga foleni nyuma ya kile alichokwisha kukiona yeye. Nesi akaanza kuvuta shuka kumfunika mama uso. Fundi akamzuia mkono.

"Amefumbua," mdogo wake akasema, analia na kucheka. "Dada, umeona? Amenisikia."

"Nimeona," Fundi akajibu. Neno lake nalo likaingia foleni, nyuma ya pumzi ya mwisho ya mama. Akakata simu kabla havijafika.