Kaburi la Ng'ambo

Amiri Abdala alikuwa juu ya dungu akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori alipomwona dada yake Saida anakuja kwa mbio, khanga imemlowa hadi magotini. Saida hakuwa mtu wa kukimbia. Tangu aachike na kurudi kuishi nyumbani kwa kaka yake, alitembea polepole kama mgeni anayechelea kukanyaga mkeka wa watu. Amiri alishuka dungu kabla hajaitwa.

"Ridhiwani amefariki," Saida alimwambia. "Gari limemgonga Nangurukuru, asubuhi hii."

Ridhiwani alikuwa mdogo wao, kitinda mimba. Simu ilikuwa imepigwa na mkewe, Mwanaima. Kwa vile kijijini kwao mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye kichuguu nyuma ya msikiti, na Saida alikuwa amepita hapo kuchota maji, yeye ndiye aliyeipokea. Amiri alikwenda kwenye kichuguu akapiga. Mwanaima hakulia. Alimweleza kwamba marehemu alikuwa anauza korosho kwenye mabasi kama kawaida yake, akawa amenyoosha mkono dirishani kumpa abiria pakiti, lori likaja kulipita basi likamkumba. Kisha akasema kwamba marehemu aliwahi kuusia azikwe nyumbani, kando ya mama yake.

Amiri aliitikia kwamba anakuja. Ila aliposhuka kichuguu miguu ilikuwa mizito, na uzito wenyewe haukuwa wa msiba peke yake.

Kaburi la mama yao lilikuwa pembeni mwa shamba la bondeni, na shamba la bondeni ndilo lililowatenganisha. Lilikuwa na mikorosho mia na ishirini iliyosimama kwa mistari, na kijiji kizima hakikuwa na shamba jingine linalozaa kama lile. Kwao ardhi ilikuwa pori la Mungu. Mwenye mali ni yule aliyepanda mti. Baba yao alipokufa, Ridhiwani alirudi kutoka Lindi alikokuwa akivua, akaomba nusu yake. Wazee wakakaa barazani, wakamuuliza Amiri swali moja: mikorosho ile nani aliipanda? Amiri akajibu, "Nilipanda mimi."

Haikuwa kweli. Walipanda wawili, masika mbili mfululizo, vijana wenye nguvu zao. Ridhiwani alichimba mashimo, Amiri akatia miche. Mashahidi walikuwa wawili tu waliobaki hai: Saida, aliyekuwa akiwapelekea uji, na Mwenyezi Mungu. Siku ile ya baraza Saida alikuwa ameketi nyuma ya mlango na wanawake wenzake. Hakusema kitu. Alikuwa akila kwa Amiri.

Ridhiwani hakugombana. Alimchukua mkewe na binti yao mchanga, Kazija, akapanda Fuso la ufuta kwenda Nangurukuru, na kwa miaka minane hakurudi hata kwa maziko ya mtu.

Sasa alikuwa anarudi. Na Amiri, aliyekuwa ameketi nyuma ya pikipiki iliyokuwa ikiteleza kwenye tope kuelekea Likawage, alijikuta anawaza jambo ambalo baadaye aliona haya kulikumbuka. Alikuwa akiwaza kwamba kaburi halinyamazi. Mtu akizikwa shambani, watoto wake watakuja kulifyekea, na wakija watauliza.

*

Alifika Nangurukuru jua limeshazama. Mwanaima alikuwa amekaa chumbani kwenye jamvi na wanawake wa jirani, binti yake wa miaka tisa amemlalia pajani. Alimwamkia Amiri kwa adabu, akampa pole naye akapewa, yakaishia hapo. Aliyempokea hasa alikuwa Abdulrazak, mtu mzima aliyeuza maji ya chupa stendi na marehemu, na ambaye ndiye aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa ule. Huyu alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Wauzaji wa stendi walikuwa wamempata mwenye pikapu ya kubeba maiti, na mpango ulikuwa kuosha alfajiri, kusali, na kuondoka kabla ya saa mbili.

Alfajiri Amiri aliingia kuosha, maana ndugu wa damu alikuwa yeye peke yake. Alipewa upande wa mikono. Kifua kilikuwa kimeharibika, wakakifunika, lakini mikono ilikuwa mizima. Vidole vya Ridhiwani vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, ngozi imebabuka na kupona na kubabuka tena. Amiri alisugua kwa sabuni akadhani ni masizi.

"Haitoki hiyo," Abdulrazak alimwambia taratibu. "Ni mafuta ya ganda la korosho. Alikuwa anabangua mwenyewe. Alinunua ghafi za watu, akakaanga, akabangua usiku, asubuhi akauza."

Amiri aliendelea kumwagia maji ile mikono.

Hata hivyo, walipomaliza kumvika sanda na kumsalia, yeye ndiye aliyechelewesha. Alimwita Abdulrazak kando akasema mvua inanyesha bara, barabara mbovu, na hapa Nangurukuru pana makaburi mazuri ya Waislamu, na maiti kuzikwa mapema ni sunna. Yote yalikuwa maneno ya kweli. Abdulrazak akasema mwenye usia ni marehemu na mwenye kuujua ni mkewe. Wakaenda mlangoni kumuuliza. Mwanaima akajibu vilevile alivyosema kwenye simu. Amiri akarudi kukaa. Akasema labda wampigie mwenyekiti wa kijiji aeleze hali ya njia. Simu haikushika. Wakapiga tena. Akasema basi wangoje kidogo. Dereva akaenda kula, akarudi, akaenda tena. Watu wakaanza kumtazama Amiri, na kwa kuona haya ya yale macho akakubali. Pikapu iliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Mwanaima aliketi mbele na mwanawe, aende akakae eda ukweni kama ilivyo desturi. Nyuma, kando ya jeneza, alikaa Amiri, na Abdulrazak, na vijana wanne wa stendi.

Mvua iliwakuta njiani. Walikwama mara mbili, wakasukuma. Maghribi ilipoingia walikuwa kwenye ukingo wa mto wa mwisho, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani, na daraja la magogo halikuwepo. Mwenye shamba la kando ya mto, mzee mmoja Mmwera aliyehamia kutoka Rondo, jina lake Ignasi, alikuja na mwavuli akawaambia daraja limechukuliwa alasiri ile. Mchana, alisema, lori lilipita salama.

Hakuna aliyemtazama Amiri.

*

Kulipokucha maji yalikuwa yamepanda zaidi, mekundu, yanabeba matawi. Ng'ambo ya pili watu wa kijiji walikuwa wamesimama na majembe. Kaburi lilikuwa tayari limechimbwa tangu jana. Amiri alimtambua Saida kwa khanga yake. Walipungiana mikono, wakapigiana kelele, na mto ukala maneno yote.

Kadiri jua lilivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu kukaa karibu na jeneza. Vijana wa stendi walisogea mmojammoja, wakasimama upande upepo unakotoka. Ilikuwa siku ya tatu. Abdulrazak akamwambia Amiri kwamba maiti hastahili kungojeshwa zaidi, na usia ukishindikana Mungu anajua.

Tatizo likawa ni wapi. Upande huu wa mto Amiri hakuwa na ardhi hata ya kusimika jiko. Ignasi, aliyekuwa amesikia, aliwaongoza hadi kwenye kinundu juu ya shamba lake la ufuta.

"Hapa maji hayafiki," alisema. "Mlazeni hapa."

Amiri alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejitayarisha kwa lolote, masharti yake ni yapi. Ignasi alimtazama kama hakuelewa swali. "Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, hilo mtalipanga ninyi na sala zenu. Lakini mtu amelala mvuani usiku kucha mbele ya nyumba yangu. Masharti gani tena?" Akawaita wanawe walete majembe, akaung'oa yeye mwenyewe ufuta uliokuwa na maua, akautupa kando.

Amiri aliingia kaburini kumpokea mdogo wake. Udongo ulikuwa umelowa, ukuta wa mwanandani unamong'onyoka, ikabidi wafanye haraka. Alimlaza kwa ubavu, akamwelekeza kibla, akafungua fundo la sanda upande wa kichwa. Hakumtazama usoni. Akapandishwa kwa kuvutwa mikono.

Walipokwisha kufukia na dua ikasomwa, Abdulrazak alisimama kichwani mwa kaburi akasema yale yasemwayo kila mara: aliye na dai kwa marehemu aseme, na ambaye marehemu anamdai naye aseme, wasiende nalo. Kwa kawaida watu hukaa kimya kidogo kisha wakatawanyika.

"Mimi ananidai," Amiri alisema.

Walimgeukia. Alikuwa amejaa tope mpaka kifuani.

"Mikorosho ya bondeni tulipanda wawili. Nilisema nilipanda mimi. Nilisema uongo."

Waliokuwepo wote walikuwa wageni wa jambo lile: wauza maji na mayai, dereva, mzee wa Rondo na wanawe. Waliostahili kusikia walikuwa ng'ambo, hawasikii. Abdulrazak aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba wenye haki ni warithi, na warithi hawako mbali, akawaambie.

Mwanaima alikuwa nyumbani kwa Ignasi, ameketishwa na mkewe Scholastica. Amiri alisimama nje ya mlango akayarudia maneno yaleyale.

"Nilijua, shemeji," Mwanaima alisema kutoka ndani. "Yeye mwenyewe alikuwa ananionyesha mikono yake, anasema hii ndiyo iliyochimba. Alikuwa akingoja uje. Basi likitoka bara alikuwa anatazama nani anashuka. Njia ya Nangurukuru uliijua miaka minane."

Amiri akasema amsamehe. Mwanaima akamwambia aende akabadilishe nguo, atashikwa na homa.

Jioni pikapu iligeuza, ikamrudisha Mwanaima na mwanawe Nangurukuru, akakae eda kwake.

*

Maji yalipungua siku ya nne. Amiri alivuka kwa kushika kamba. Alikuta kaburi tupu la bondeni limejaa maji nusu, na wazee wakamwambia kaburi likichimbwa haliachwi wazi hivyo, litaita mwingine. Wakakata mgomba, wakaufunga kama maiti, wakaulaza ndani, wakafukia. Siku hiyohiyo, kabla hawajatawanyika, Amiri aliwaambia wazee alichosema ng'ambo. Mmoja wao, yule aliyeuliza swali lile barazani, alikohoa, akasema mbona jambo lenyewe limechelewa. Kesho yake walikwenda ofisi ya kijiji wakaandikisha miti sitini kwa jina la Kazija binti Ridhiwani, na Amiri mwenyewe akachimba mpaka na kupanda minyaa.

Watu hawakumtenga. Walimsalimia, walimwalika kwenye hitima. Ila aliposema jambo barazani, tangu siku ile, waligeuka kwanza kumtazama mwingine, kama wanaotaka kusikia kama ni kweli.

Mwezi wa kumi, eda imekwisha na korosho zimeanza kuanguka, Mwanaima alikuja na kaka yake na binti yake Kazija. Walijenga kibanda upande wao wa shamba, wakalala humo wiki tano. Amiri aliwapelekea kuku. Wakapokea kwa shukrani, na kesho yake mtoto akarudisha sahani na juu yake muhogo mbichi, wa uzito uleule. Maji walichota kisima cha mbali. Mara moja Amiri alijaribu kumweleza Kazija jinsi baba yake alivyokuwa hodari wa kuchimba. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, baba mkubwa," akaenda kuokota.

Siku waliyofunga magunia kuondoka, Saida alitoka chumbani kwake na begi la nguo. Amiri alikuwa ananoa panga mlangoni. Alimuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Ninakwenda na wifi," Saida alisema. "Amesema nikamsaidie kubangua."

Amiri akamwambia kazi ile inaunguza mikono, na hapa hajawahi kukosa chakula.

"Sijakosa, kaka. Ndiyo maana siku ile nilinyamaza." Aliliweka begi chini. "Kila mwaka nikila ugali wako namwona Ridhiwani anapanda lile Fuso. Niache nikale mahali pengine."

Hakumzuia. Alimbebea begi hadi barabarani, akamsaidia kupanda garini juu ya magunia. Mwanaima alimuaga vizuri, kwa kumwita shemeji, na kumuusia awaangalizie miti isichomwe moto na wawindaji. Akaahidi.

Walimwambia watapita kwa Ignasi kufyekea kaburi. Amiri alitaka kusema naye apande, waende pamoja, lakini hakuna aliyesogea kumpa nafasi, na dereva akawasha gari.

Msimu haukuwa umekwisha. Alirudi bondeni peke yake na ndoo, akaendelea kuokota mstari kwa mstari mpaka alipofika kwenye minyaa. Pale mpakani matawi yalikuwa yamepitana, na haikujulikana tunda lipi limetoka mti upi. Yote aliyoyakuta hapo aliyarusha upande wa pili.